MAZUNGUMZO NA VIJANA: Kamera, Lenzi na Fedha ya Nyumba



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo zamani lilikuwa la watu wachache, na leo limeingia katika nyumba nyingi za Ujiji na Kigoma, nalo ni kupiga picha. Hatusemi juu ya wale wafanyao kazi hiyo kwa ujira, kwani hao waijua biashara yao. Twasema juu ya kijana apendaye kupiga picha kwa kuifurahisha nafsi yake: mitumbwi ya Kibirizi, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, babu yake akisoma msahafu barazani. Sisi wenyewe tumeshika kamera kwa miaka mingi baada ya saa za madrasa, na kwa hiyo twawafahamu vijana hawa.

Sababu ya kulileta neno hili ni kwamba wazazi hutujia na lalamiko la namna moja. Kijana alinunuliwa kamera. Mwezi haujaisha akataka lenzi. Alipopata lenzi akataka miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Kisha kichujio, kisha taa. Baba ashangaa, na mama auliza kama fedha ya dagaa itakwisha lini kumezwa na mkoba mmoja. Vijana nao hutujia na lalamiko lao: picha zao hazifanani na zile wazionazo, basi hapana shaka vyombo vyao ni vibovu. Twaona pande zote mbili zina haki ya kuuliza, lakini pande zote mbili hazijajua kila chombo hufanya kazi gani. Mtu asiyejua kazi ya chombo hawezi kujua kama akihitaji. Hapo ndipo israfu inapopata mlango.

Nuru na tundu

Yafaa kijana wa Kiislamu ajue kwamba elimu hii si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na akafanya kazi zake kubwa Misri, aliandika Kitab al-Manazir, akabainisha kwamba jicho huona kwa sababu nuru hutoka katika vitu na kuliingia jicho, wala si kwamba jicho hutoa miale yake. Akachunguza pia jinsi nuru ipitayo katika tundu dogo na kuingia katika chumba cha giza, na jinsi sura ya jua lililopatwa inavyoonekana ukutani, ikiwa wazi tundu likiwa dogo na ikififia tundu likipanuliwa. Wapo wasemao kwamba hata neno “kamera” ni la Kiarabu. Hapana, ni la Kilatini, na maana yake ni chumba. Tusijitwalie lisilo letu, maana lililo letu latosha.

Kamera ya leo ni kile chumba cha giza, na mwenyewe ana mambo matatu tu ya kuamuru. La kwanza ni tundu la lenzi, ambalo hupanuka na kufinyika kama mboni ya jicho. La pili ni kilango, yaani muda ambao nuru inaachwa iingie. La tatu ni namba iitwayo ISO, yaani wepesi wa kamera kuihisi nuru. Tundu huandikwa kwa herufi f na namba, na hapa wengi hupotea, kwa kuwa namba ndogo ni tundu kubwa: f/1.8 ni mlango uliofunguliwa wazi, na f/16 ni ufa.

Kila jambo katika haya matatu lina bei yake. Tundu likiwa pana, nuru ni nyingi, lakini kitu kimoja tu huonekana wazi, na vya nyuma yake hufifia. Kilango kikikaa wazi muda mrefu, chochote kitikisikacho huacha ukungu. ISO ikipandishwa sana, picha huwa na chembechembe kama mchanga. Kupiga picha ni kuchagua ni bei ipi utakayolipa.

Iko kanuni moja ya wazee wa kazi hii ambayo kijana aihifadhi kwa moyo. Katika jua kali lisilo na wingu, weka tundu f/16, na kilango kiwe sehemu moja ya namba ya ISO. Mathalan, ISO ikiwa 100, kilango kiwe 1/100 ya sekunde. Kutoka hapo waweza kubadilisha kwa kulipana: ukipanua tundu hadi f/8, kilango kiwe 1/400, ukipanua hadi f/5.6, kiwe 1/800. Nuru ni ile ile. Mwenye kuijua hesabu hii hahitaji kununua kitu kwa ajili ya picha za mchana. Kila lenzi yaweza kuzipiga.

Kamera nayo hukosea, na yafaa tujue hukosea vipi. Hupima nuru kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya wastani, si nyeupe wala si nyeusi. Kwa hiyo ukipiga picha ya safu ya wanafunzi waliovaa kanzu nyeupe, kamera huipunguza nuru, na kanzu hutoka kijivu kama zilizofuliwa kwa maji machafu. Kadhalika ukimsimamisha mtu pwani huku ziwa lang'aa nyuma yake, uso wake hutoka mweusi usiotambulikana. Dawa yake i katika kamera yenyewe: tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ongeza nuru daraja moja au zaidi, kisha tazama tena. Haikugharimu hata senti.

Jua la Kigoma

Sisi wa Kigoma tuko mbali upande wa magharibi, lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam. Ndiyo maana adhana ya Adhuhuri huku huchelewa ile ya Dar es Salaam kwa muda upatao dakika 39, na jua hufika utosini karibu saa saba mchana, na kuzama karibu saa moja jioni. Kijana asomaye katika kitabu cha kigeni kwamba asipige picha saa sita mchana, ajue kwamba kwetu saa nane mchana ni mbaya vile vile.

Lakini ana kipimo bora kuliko saa, na kipimo hicho alifundishwa madrasani, nacho ni kivuli. Twajua kwamba Alasiri huingia wakati kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, baada ya kuongeza kile kivuli cha adhuhuri. Maana yake ni kwamba jua limeshuka hadi nusu ya anga au chini yake. Kabla ya hapo jua humpiga mtu utosini, macho yake huwa mashimo meusi, na rangi ya ziwa hupauka. Baada ya Alasiri nuru huanza kulala na kulainika. Na katika saa ya mwisho kabla ya Magharibi, kivuli kikiwa zaidi ya mara tatu ya urefu wa mtu, ndipo kila ukuta wa udongo na kila mwembe wa Ujiji hupata umbo na rangi. Asubuhi baada ya jua kuchomoza ni hivyo hivyo. Tena msimu wa mwisho wa kiangazi hewa hujaa vumbi na moshi wa mbuga, milima ya ng'ambo hupotea. Mvua za kwanza zikinyesha huonekana tena kana kwamba imesogezwa. Basi kijana asiuze mbuzi anunue lenzi kwa ajili ya kuiona milima ya Kongo. Na angoje mvua.

Lenzi

Lenzi hupimwa kwa milimita. Namba ndogo, kama 18, huona eneo pana. Namba kubwa, kama 250, huvuta cha mbali. Kamera nyingi za wanaoanza huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Vijana huidharau kwa kuwa ilikuja bure, lakini hiyo yaweza kupiga kituo cha reli cha Kigoma, ambako reli ya kati ilifika mwaka 1914, chote kwa upana wake. Yaweza kupiga soko, jamaa waliokaa mkekani, na jua likizama. Mwenye lenzi hiyo na aitumie mwaka mzima kabla hajatamka jina la nyingine.

Iko kazi moja isiyoiweza vizuri, nayo ni nyumba yenye nuru haba. Maulidi husomwa usiku, na madrasa nyingi zina taa moja. Ile lenzi ya 18 hadi 55, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake halizidi f/5.6. Sasa iko lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu f/1.8, isiyovuta mbele wala nyuma, na karibu kila kiwanda huiuza kwa bei ya chini kuliko lenzi zake nyingine nyingi. Hiyo huingiza nuru karibu mara kumi zaidi. Pale ambapo lenzi ya kwanza yataka kilango cha 1/6 ya sekunde, na kila mtu aliyetikisa kichwa akawa ukungu, hii yatosheka na 1/60. Hiyo ndiyo lenzi ya pili tunayoinasihi, ikiwa kijana hupenda nyuso za watu. Ila ajue kwamba katika kamera nyingi za wanaoanza milimita 50 huonekana kama 75, hivyo katika chumba kidogo atarudi nyuma hadi aguse ukuta. Mwenye chumba kidogo ni afadhali achague ya milimita 35.

Ama ile lenzi ndefu ya kuvuta mbali, hiyo ndiyo iwatamanishayo vijana kuliko zote, na sababu ni Gombe. Hifadhi ya Gombe i kilomita zipatazo 16 tu kaskazini mwa mji wetu, na dunia nzima yaijua kwa picha za sokwe. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika pale tarehe 14 Julai 1960, na Mholanzi Hugo van Lawick akaja mwaka 1962 kupiga picha na filamu za utafiti wake. Kijana atazamapo picha hizo hudhani kwamba siri ilikuwa lenzi. Siri ilikuwa subira: sokwe walikuwa wamezoezwa kumwona mtu kwa muda mrefu kabla ya kamera kuwakaribia. Juu ya hayo, msituni ni giza. Lenzi ndefu ya bei nafuu ina tundu dogo, na kila lenzi iwavyo ndefu ndivyo itikisikavyo. Kanuni ni kwamba kilango kisizidi sehemu moja ya milimita za lenzi, yaani lenzi ya 250 yataka walau 1/250. Chini ya miti hapo itakulazimu kupandisha ISO hadi 1600 au 3200. Tena kanuni za hifadhi zataka watu wakae mbali na sokwe, wala wasiwamulikie taa ya kamera. Basi mtu aendaye Gombe mara moja katika miaka mitano, heri aazime lenzi ndefu kwa rafiki kuliko kuinunua.

Vyombo vya pembeni

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kidogo kidogo. Tutavipanga kwa manufaa yake.

Betri ya pili na kadi ya pili ya kuhifadhia picha ni vya lazima. Umeme ukikatika siku ya harusi ya dada yako, hapana lenzi itakayokuokoa. Na picha zikiisha kupigwa zihifadhiwe mahali pawili mbali mbali, kwani kadi hufa bila ya kuaga.

Mfuko usioingiza maji ni wa lazima kwa mtu wa ziwani. Tanganyika ina kina cha mita 1,470. Kilichoanguka humo kimekwenda. Mawimbi ya mchana hurusha maji hadi katikati ya mtumbwi. Twashukuru kwamba maji yetu si ya chumvi kama ya Unguja, ambayo hula chuma. Lakini unyevu wa pwani hii huotesha kuvu ndani ya lenzi kama utando wa buibui, nayo ikishaota ni shida kuitoa. Usiifungie kamera katika sanduku la nguo kwa miezi mingi. Iweke katika chombo chenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kukaushia vipatikanavyo katika maboksi ya viatu, na uitoe ipate hewa mara kwa mara. Kufuta kioo cha lenzi kwa pindo la kanzu au la khanga ni kukipiga msasa. Puliza vumbi kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini kilichotengwa kwa kazi hiyo tu.

Miguu mitatu yafaa kwa wapendao picha za usiku. Katika usiku wa giza la mwezi wavuvi wa dagaa huwasha taa zao ziwani, na mtu akisimama juu ya kilima cha pwani huona kama mji uliojengwa majini. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi taa za betri na za nguvu ya jua zimeingia. Picha hiyo yataka kilango kikae wazi sekunde kadhaa, na mkono wa mwanadamu hauwezi. Lakini miguu mitatu haifai kitu ndani ya mtumbwi, maana mtumbwi wenyewe unatikisika. Huko ongeza kasi ya kilango hadi 1/500. Mwezi ukiwa mpevu usiende, hutawaona. Wala usiende wakati uvuvi umefungwa, kama ulivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wapate kuzaana.

Kichujio cha kuondoa mng'ao wa maji ni kizuri kwa mtu wa ziwa, kwa kuwa hukuwezesha kuona mawe na samaki chini ya maji maangavu, na huikoleza buluu ya mbingu. Hufanya kazi zaidi ukigeuka ubavu kwa jua, na hula nuru. Kwa hiyo kivuliwe jioni. Taa ya kumulikia yaweza kungoja. Vichujio vya rangi, mikanda ya fahari na mikoba ya majina makubwa, hivyo hatuvioni kuwa na haja.

Kununua cha mtumba

Viwanda vikubwa sasa vimeelekea katika kamera zisizo na kioo cha ndani, na kwa ajili hiyo zile za zamani zenye kioo huuzwa mtumba kwa bei nafuu, nazo ni vyombo vizuri. Hapana aibu kununua cha mtumba, lakini kikaguliwe. Ielekeze lenzi kwenye mwanga wa dirisha utazame ndani kama mna kuvu. Fungua na ufunge tundu uone kama mbawa zake zina mafuta. Piga picha ya karatasi nyeupe kwa f/16 utafute madoa. Uliza kilango kimepigwa mara ngapi. Muuzaji akikataa usikague, muage kwa wema.

Tena tuwakumbushe mfano wa Mohamed Amin, Mwislamu wa Kenya aliyekulia Dar es Salaam. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie ya mtumba, sanduku tu lenye lenzi moja. Akaanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Uhabeshi ziliiamsha dunia ikatoa misaada. Mwaka 1991 alipoteza mkono kwa mlipuko Addis Ababa, naye akarudi kazini. Akafa katika ajali ya ndege karibu na Komoro mwaka 1996. Alipiga pia picha za Hija, akatoa kitabu. Tujiulize: je, kama yule mtoto angengoja mpaka apate chombo cha wakubwa, angeanza lini?

Adabu ya mwenye kamera

Wanazuoni wamehitilafiana juu ya picha. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika kwamba picha ya kamera ni kukizuia kivuli, si kuumba umbo. Wengine hawakukubaliana naye. Hatuna nia ya kuufungua mjadala huo hapa, na asiyetaka kupigwa kwa sababu hiyo aheshimiwe. Lakini lipo ambalo hatujui watu wawili walihitilafiana: heshima ya mtu si mali ya mwenye lenzi.

Wanawake waanikao dagaa Katonga na Kibirizi wako kazini, nguo zimelowa, wamejifunga kibwebwe. Lenzi ndefu hukuwezesha kuwapiga wasijue. Hiyo si ustadi, ni kuchungulia. Sogea, toa salamu, sema, “Shikamoo mama, naomba ruhusa,” na ukinyimwa shukuru uondoke. Ukiruhusiwa, muonyeshe picha, na usiipeleke katika simu za watu mpaka umemwomba ruhusa hiyo nayo, maana ni ruhusa mbili. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 nayo imekuja kuyalinda mambo ya namna hii. Bandarini, stesheni na penye askari, uliza kwanza vile vile.

Basi wazazi, msimvunje moyo kijana mwenye kupenda kazi hii, kwani yamfundisha subira, hesabu na kutazama. Lakini mpeni utaratibu: kamera na lenzi yake ya kwanza, betri, kadi na mfuko wa kuzuia maji, kisha mwaka wa mazoezi. Akitaka kitu kingine, aulizwe swali moja: “Tuonyeshe picha uliyoikosa kwa ajili ya kukosa chombo hicho.” Akiwa nazo nyingi, na za namna moja, anunuliwe. Akiwa hana hata moja, arudi pwani baada ya Alasiri na ile aliyo nayo.

Na nyinyi vijana, mmoja wenu atakayepiga mwaka huu picha ya bibi yake, kwa ridhaa yake, katika nuru njema, akaiandika nyuma jina na tarehe, atakuwa ameifanyia nyumba yake jambo litakalodumu kuliko kamera yenyewe. Wazee hawangoji lenzi mpya.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.